Kansas City: Ukumbi Ambamo Mabinti Hutafuta Chuo

Ndugu msomaji, ukitazama ramani ya Marekani utaona jimbo liitwalo Kansas, na bila shaka utadhani kwamba mji wa Kansas City umo ndani yake. Sivyo. Sehemu kubwa ya mji huo, pamoja na majumba yake marefu, imo katika jimbo jirani la Missouri, pale ambapo Mto Kansas unamwaga maji yake katika Mto Missouri. Mji huu unajulikana kwa nyama ya kuchoma na kwa muziki wa jazi. Leo, hata hivyo, hatuufuati kwa nyama wala kwa muziki. Tunakwenda kuona jambo ambalo kila mzazi mwenye mtoto apendaye michezo ana sababu ya kulijua, yaani jinsi binti wa miaka 15 au 16 anavyotafuta nafasi ya chuo kikuu kwa njia ya mpira wa wavu.

Ukifika katikati ya mji, panda tramu. Tangu mwaka 2016 tramu hiyo hupita katika barabara kuu, na abiria hatozwi nauli hata senti moja. Shuka karibu na Barabara ya 12, kisha tembea kuelekea magharibi. Hutapotea, kwa maana mbele yako utaziona nguzo nne kubwa zilizosimama kama minara, kila moja ikiwa na mchongo wa chuma juu ya kichwa chake, kazi iliyowekwa hapo mwaka 1994. Nguzo hizo hushikilia paa la Ukumbi wa Bartle, ambao sehemu yake imejengwa juu ya barabara kuu ya magari, hata motokaa hupita chini ya miguu ya watu walio ndani. Umepewa jina la H. Roe Bartle, aliyekuwa meya wa mji huu kuanzia mwaka 1955 hadi 1963.

Kwa kawaida ukumbi huu ni wa mikutano na maonyesho ya biashara. Lakini wakati wa mashindano ya vijana ya mpira wa wavu, ambayo huja hapa mwishoni mwa majira ya baridi na mwanzoni mwa majira ya kuchipua, utaukuta umegeuka. Fikiria mabanda yote ya Sabasaba yameunganishwa chini ya paa moja, kisha kila banda likatandikwa sakafu ya vigae vya plastiki, ukachorwa uwanja wa mita 18 kwa 9, na wavu ukafungwa katika kimo cha mita 2.24, ambacho ndicho kimo cha wanawake. Viwanja hivyo vimepangwa safu kwa safu, vikitengwa kwa mapazia tu. Filimbi hulia pande zote kwa wakati mmoja, na mgeni hushangaa jinsi kila binti anavyoitambua filimbi ya uwanja wake. Mtazamaji hulipa kiingilio mlangoni, hata kama ni mama mzazi wa mchezaji.

WENYE VITI VYA PEMBENI

Usitazame mpira kwanza. Tazama mwisho wa uwanja, nyuma ya mstari. Hapo utawaona watu wazima waliokaa kwenye viti, wamevaa fulana zenye nembo za vyuo vikuu, wakiwa na orodha za majina na namba za jezi. Hawapigi makofi wala hawazomei. Huandika, hunyanyuka, huhamia uwanja mwingine. Hao ndio makocha wa vyuo, nao ndio sababu ya familia nyingi kusafiri siku nzima kuja hapa.

Pengine utauliza, kwa nini makocha hao wasiende shuleni kwa watoto? Jibu liko katika kalenda. Timu za wanawake za vyuo vikuu vya Marekani hucheza ligi yao kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Desemba. Katika majimbo mengi, shule za sekondari nazo huchezesha wasichana katika miezi hiyo hiyo. Kocha aliye na timu yake uwanjani hawezi kuzunguka shuleni kila juma. Kwa hiyo macho yake huwa huru wakati shule zimemaliza msimu, na wakati huo wanaocheza ni klabu za watu binafsi. Isitoshe, ukumbini humu anaweza kuona mamia ya wachezaji kwa siku moja, kwa nauli ya safari moja. Ndivyo klabu zilivyopata nguvu, na ndivyo shule zilivyobaki nyuma katika jambo hili.

Kwetu sisi, mwenye kipaji huonekana UMISSETA, na serikali pamoja na shule ndizo zinazomfikisha huko. Kule, anayemfikisha mtoto mbele ya kocha ni mfuko wa mzazi. Ada ya klabu kwa mwaka huweza kufikia maelfu ya dola. Juu yake kuna nauli, chakula na hoteli, na mashindano mengi huwalazimisha wageni kulala katika hoteli zilizopangwa na waandalizi wenyewe, ili timu ikubaliwe kucheza. Kwa familia ya daktari, gharama hiyo ni ya kukunja uso tu. Kwa familia ya fundi au ya dereva wa basi, ni deni.

Chukulia basi kwamba katika uwanja ulio mbele yako yumo binti mmoja wa fundi magari, mwenye jezi namba 7. Yeye ni mwinuaji, yaani yule anayeugusa mpira wa pili na kuuinua ili mshambuliaji aupige. Ana miaka 15. Baba yake amefanya kazi ya ziada Jumamosi tangu Septemba ili alipe ada. Pembeni mwa uwanja amekaa kocha mmoja mwenye fulana ya chuo kikuu. Baba anamtazama kocha kuliko anavyomtazama mwanawe. Kocha anaandika kitu, anasimama, anaondoka. Je, ameridhika au amechoka? Baba hawezi kumfuata akamwuliza, na hata akimfuata, kocha hatajibu.

SHERIA YA UKIMYA

Ukimya huo si kiburi. Ni sheria. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kiitwacho NCAA, kimeweka kwamba kocha wa Divisheni ya Kwanza haruhusiwi kuzungumza na mchezaji wala mzazi wake kuhusu kumsajili kabla ya tarehe 15 Juni, baada ya binti kumaliza mwaka wa pili wa sekondari. Ziara za kutembelea chuo kwa ajili ya usajili huruhusiwa kuanzia tarehe 1 Agosti inayofuata. Na hata baada ya tarehe hizo, kocha akimkuta mchezaji kwenye mashindano, hana ruhusa ya kuongea naye mpaka mechi zake ziishe na klabu yake imwachie.

Sheria hii ina chanzo chake. Kabla ya kukazwa mwaka 2019, vyuo vilikuwa vikishindana kuwawahi watoto, hata wasichana wa miaka 13 na 14 wakawa wanaahidi kwa mdomo kwamba watakwenda chuo fulani, kabla hawajajua watapenda kusoma nini, na kabla mwili haujamaliza kukua. Wengi walijutia ahadi hizo, na vyuo navyo vilizivunja. Tarehe ya 15 Juni iliwekwa ili mtoto apate nafasi ya kuwa mtoto.

Hata hivyo, msomaji, mlango uliofungwa una tundu. Kocha anaruhusiwa kupeleka fomu ya maswali na tangazo la kambi ya mafunzo kwa mchezaji wa umri wowote. Hapa ndipo wazazi wengi hukosea. Bahasha inafika nyumbani, ina nembo ya chuo kikubwa na jina la mtoto limeandikwa vizuri. Nyumba nzima hushangilia. Ukweli ni kwamba barua ya kambi hupelekwa kwa watu wengi mno, na kambi hulipiwa na mzazi. Anayealikwa kambini amealikwa kulipa. Kuchaguliwa ni jambo jingine. Dalili ya kweli ni kocha anayemwandikia binti mwenyewe, akitaja mechi aliyomwona na kosa aliloliona, kisha akarudi kumtazama mara ya pili na ya tatu.

Kwa upande wake binti hazuiwi kuandika. Anaweza kumpelekea kocha barua fupi wakati wowote, akitaja mwaka atakaomaliza shule, nafasi anayocheza, kimo chake, urefu anaofikia kwa mkono akiruka, alama zake za darasani, ratiba ya mashindano na namba ya jezi. Pamoja na barua hiyo huambatanisha filamu fupi ya mchezo wake. Makocha husisitiza kwamba barua iandikwe na mchezaji, si mzazi. Anayetaka kusoma mbali na nyumbani sharti aonyeshe kwamba anaweza kujisemea.

DARASA KABLA YA UWANJA

Usichanganye Divisheni za vyuo na zile za mtihani wetu wa kidato cha nne. Huko, Divisheni ni makundi ya vyuo kwa ukubwa wa michezo yao. Lakini masomo nayo yana lake. Kuingia uwanjani katika Divisheni ya Kwanza, mwanafunzi sharti awe amesoma sekondari masomo 16 ya msingi, 10 kati yake yakiwa yamekwisha kabla ya muhula wa saba, na wastani wake usipungue 2.3 katika kipimo cha 4.0. Tangu Januari 2023, NCAA haidai tena mtihani maalumu wa kuingilia chuo, lakini chuo chenyewe kinaweza kuudai. Binti anayeruka juu kama swala lakini ana alama mbovu atatazamwa kwa huzuni na kuachwa.

Sasa tuhesabu. Katika mwaka wa masomo wa 2022-23, wasichana zaidi ya 450,000 walicheza mpira wa wavu katika sekondari za Marekani. Vyuo vya Divisheni ya Kwanza vyenye timu za wanawake ni zaidi ya 330. Kwa miaka mingi kila chuo kiliruhusiwa kulipia wachezaji 12, kila mmoja ada yake yote. Tangu mwaka wa masomo wa 2025-26, kufuatia hukumu ya mahakama ya Juni 2025, vyuo vilivyoingia katika utaratibu mpya havina kikomo hicho. Badala yake vina kikomo cha wachezaji 18 katika timu, na chuo kinaweza kumpa mmoja ada nzima, mwingine nusu, mwingine hakuna. Kwa hiyo neno "nimepata ufadhili" halina maana mpaka umeuliza, kiasi gani, na kwa miaka mingapi.

Kuna jambo jingine lililobana nafasi. Tangu mwaka 2018 pana daftari ambalo mwanafunzi anayetaka kuhama chuo hujiandikisha, na tangu mwaka 2024 anaweza kuhama zaidi ya mara moja na kucheza mara moja, mradi masomo yake yako sawa. Kocha mwenye nafasi moja ya mwinuaji hawatazami mabinti wa sekondari peke yao. Humtazama pia mwanamke wa miaka 21 aliyekwisha kucheza misimu mitatu. Namba 7 wetu anashindana na dada zake.

MWENDO WA SAA TATU HADI LINCOLN

Kama bado unajiuliza kwa nini watu wanajitaabisha hivi, toka Kansas City uelekee kaskazini kando ya Mto Missouri, kisha ushike magharibi. Baada ya mwendo wa kama saa tatu kwa motokaa utafika Lincoln, mji mkuu wa jimbo la Nebraska. Ni nchi ya mahindi na ng'ombe. Tarehe 30 Agosti 2023, katika uwanja wa mpira wa Kimarekani wa chuo kikuu cha jimbo hilo, uliwekwa wavu mmoja katikati, na watu 92,003 walijaa kuwatazama wasichana wa Nebraska wakiwafunga wenzao wa Omaha seti 3 kwa 0. Chuo hicho kimetwaa ubingwa wa taifa mwaka 1995, 2000, 2006, 2015 na 2017. Mtoto wa kike wa Lincoln hukua akijua majina ya wachezaji wa wavu kama vile mtoto wa Kariakoo ajuavyo ya Simba na Yanga.

Heshima hiyo haikuteremka kutoka mbinguni. Mchezo wenyewe ni wa mwaka 1895, ulipobuniwa na William G. Morgan katika jumba la YMCA mjini Holyoke, jimbo la Massachusetts, kwa ajili ya watu wazima waliouona mpira wa kikapu kuwa mzito mno. Lakini wanawake vyuoni walibaki bila fedha hadi mwaka 1972, ilipopitishwa sheria ya kukataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Vyuo vikubwa vilikuwa na wanaume wengi waliofadhiliwa katika mpira wa Kimarekani peke yake, navyo vikalazimika kuwatafutia wanawake michezo yenye uzito. Ubingwa wa kwanza wa wavu wa wanawake chini ya NCAA ulichezwa mwaka 1981, ukachukuliwa na Chuo Kikuu cha Southern California. Kila anayekaa kwenye kiti cha pembeni pale Kansas City, amekalishwa hapo na sheria ile.

NJIA NYINGINE ZIPO

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Familia nyingi hukodoa macho kwenye Divisheni ya Kwanza na kuvidharau vyuo vinavyowataka. Divisheni ya Pili hutoa ufadhili wa sehemu. Divisheni ya Tatu, ambayo ndiyo kubwa kwa idadi ya vyuo, haitoi ufadhili wa michezo hata kidogo, lakini hutoa msaada kwa alama za darasani na kwa hali ya mapato ya familia, na mara nyingine msaada huo hushinda nusu ada ya chuo kikubwa. Vipo pia vyuo vya chama cha NAIA, na vyuo vya miaka miwili ambako mchezaji huanza kisha akahamia kwingine. Namba 7, ambaye hakuzaliwa mrefu, huenda akacheza miaka minne kamili katika chuo kidogo, badala ya kukaa benchi miaka minne katika chuo cha jina.

Hata nyumbani jambo hili si geni. Suleiman Nyambui, aliyetuletea nishani ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow mwaka 1980, alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipitia Chuo Kikuu cha Connecticut kabla ya kuchaguliwa wa pili nchini Marekani mwaka 2009 kuingia ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu. Milango hiyo haijafungwa kwa kijana wetu wa wavu. Mzazi atakayeambiwa kwamba mwanawe ametakiwa na chuo cha Marekani, aanze na maswali haya: Ni nani aliyemwona akicheza? Chuo hicho ni cha kundi gani? Kinalipa nini, na kinaacha nini kilipwe na sisi? Ahadi hiyo imeandikwa au imesemwa tu? Ya mdomo haimfungi mtu. Kinachomfunga mtu ni mkataba wa msaada wa fedha uliotiwa saini. Ile hati ya taifa ya kujifunga na chuo, iliyozoeleka miaka mingi, ilifutwa Oktoba 2024.

Turudi uwanjani kidogo. Timu ya namba 7 imeshindwa. Nchi nyingine wangekusanya mifuko na kuondoka, lakini hapa kuna desturi njema: katika ratiba, timu isiyo na mechi hupewa zamu ya kuhudumia mechi ya wengine. Binti huyo, macho yakiwa bado mekundu, anakaa mezani kuandika pointi za wasichana asiowajua. Baba yake analalamika kwamba ni upotevu wa muda. Lakini makocha nao wanatazama yale yasiyoandikwa kwenye orodha: nani anambeba mwenzake akikosea, nani anamjibu mama yake vibaya kwenye korido, nani anafanya kazi asiyoipenda bila kununa.

Ndugu msomaji, makocha wa kule wana swali moja wanalowashauri wasichana wajiulize kabla ya kutia saini. Ukivunjika goti siku ya kwanza ya mazoezi, usiweze kucheza tena, je, bado ungependa kukaa katika chuo hiki, usome somo hili, uishi katika mji huu? Kama jibu ni ndiyo, tia saini. Kama ni hapana, basi ulikuwa unachagua fulana. Kazi ya goti ni ya miaka michache, na shahada ni ya maisha. Mzazi anayelijua hilo anaweza kukaa ukumbini mwa Bartle akamtazama mwanawe akicheza, badala ya kumtazama mtu mwenye orodha.